Kamba ya Kutala

Kwa miezi saba Ruchiketu alikuwa akifuata matako ya farasi, na hasira zilikuwa zimemfika kooni.

Alikuwa na miaka kumi na sita, mwana wa pekee wa mfalme Hemabahu, na hii ndiyo safari yake ya kwanza ya vita. Vita vyenyewe havikuja. Farasi mweupe wa kafara aliachiwa atembee mwaka mzima apendako, naye Ruchiketu, juu ya gari lake la vita, na askari mia nne wakamfuata bila kumwongoza. Kila alipokanyaga pakawa pa Hemabahu. Mfalme asiyekubali alitakiwa amfunge farasi, kisha apigane. Lakini wafalme wote waliinama, wakatoa samli na hariri, wakarudi ndani.

Asubuhi hiyo, pembeni mwa msitu, walimkuta farasi amefungwa kwenye kigingi cha ng'ombe. Ajuza mmoja, Kutala kwa jina, alikuwa ameshika ncha ya kamba.

"Nani mwenye mnyama huyu?" aliuliza. "Wewe, kijana wa mapete? Kanilia dengu zote! Njoo uone, utadhani wamepita nzige wenye mikia."

Askari waliangua kicheko. Masikio ya Ruchiketu yaliwaka. Miezi saba anaomba adui, na adui ndiye huyu?

"Mwachie, bibi. Unajua ni farasi wa nani?"

"Hata awe wa Indra, mfalme wa miungu. Hapa kwetu mnyama akiharibu shamba hufungwa, na mwenyewe huja kupanda upya kwa mikono yake. Mbegu ninazo. Shuka kwenye gari lako."

Jemadari Vajrabha, aliyemfundisha Ruchiketu upanga tangu utotoni, alisogea. "Mtukufu, farasi amefungwa. Baragumu litalia mara tatu. Atakayekuwa ameshika kamba mlio wa tatu ukiisha ndiye adui wetu, na adui hufa."

"Huyu? Hana hata meno!"

"Sheria haihesabu meno. Tukimwacha, kesho wafalme kumi watasema jeshi la Hemabahu limeshindwa na bibi kizee."

Baragumu likalia.

"Achia kamba, bibi!" Ruchiketu alifoka. "Achia tu, uende zako!"

"Niende wapi? Hapa ndipo kwangu. Na mvua zikija nitakula nini, makelele yenu?" Akaizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono.

"Mkaidi wewe! Watakuua!"

"Basi waniue nimeshiba hasira. Chakula kishaliwa."

Baragumu likalia mara ya pili. Vajrabha alichomoa upanga, akaufuta taratibu kwa pindo la nguo, kama mtu anayejiandaa kumkabili shujaa. Ruchiketu aliuona ule ufutaji. Alimchukia ajuza kwa ubishi wake. Akamchukia Vajrabha kwa utulivu wake. Kisha akamkumbuka baba yake akimpaka alama nyekundu kwenye paji la uso, akisema, "Rudi na heshima, mwanangu." Heshima ipi? Ya kichwa cha mama wa watu ndani ya kapu?

Mpiga baragumu akavuta pumzi.

Ruchiketu aliruka kutoka garini, akamkamata Kutala mkono, akaifungua kamba kwa nguvu hadi ngozi ikachubuka. Akamsukuma, ajuza akaanguka kwenye matope akitukana. Mlio wa tatu ukapanda, ukashuka, ukaisha. Kamba ilikuwa mkononi mwa mwana wa mfalme.

"Usifanye mzaha, Mtukufu," alisema Vajrabha.

"Nani anatania? Sheria umeijua kabla sijazaliwa. Haya, nisomee: nani ameshika?"

Hakuna aliyecheka sasa.

"Mtukufu, baba yako..."

"Kamwambie baba yangu farasi wake amefungwa, na aliyemfunga ni mwanawe mwenyewe. Au njoo uichukue kamba mwenyewe. Si umeshausafisha upanga? Ulidhani unausafisha kwa ajili ya nani, mzee?"

Vajrabha alivua kilemba cha ujemadari, akakiweka juu ya gurudumu, akawaashiria askari warudi nyuma.

"Chagua silaha," alisema, na sauti yake ilikwaruza. "Adui wa mfalme."

"Upanga," alijibu Ruchiketu. Akajifunga ile kamba kiunoni, fundo mara mbili, asije akapata mwanya wa kuiachia.