Udongo Uliokaushwa kwa Haraka

Kwenye kisima cha mvuke walimwita Dada Udongo, na jina likamkaa. Kazi yake maabarani ilikuwa kusoma udongo uliotolewa chini kabisa ya ardhi ya volkano. Joto la huko huugeuza. Penye vuguvugu hubaki udongo laini, unaovimba ukiloa. Penye moto hasa umeshakuwa wa aina nyingine, na mwamba wake mgumu. Ukijua aina, umejua joto, na wachimbaji wamejua wapi pa kukitisha bomba la chuma na kulizungushia saruji, mvuke usije ukawapasukia.

Mdogo wake wa kiume alikuwa mmoja wa wachimbaji hao, mwenye mdomo mwepesi, akipita kila mahali akijigamba kwa ajili ya dada yake.

Sampuli huanikwa zikauke zenyewe. Siku moja msimamizi wa uchimbaji alimpigia simu asubuhi nzima: mtambo umesimama, watu wamekaa bure, jibu liko wapi? Dada Udongo akachoka kusumbuliwa, akaitia sampuli kwenye tanuri lenye moto mkali. Jamani, hata mwanafunzi anajua kwamba udongo unaovimba ukiunguzwa hunywea, na kwenye mashine ya eksirei huonekana sawasawa na ule wa joto kali. Yeye alijua kuliko wote. Haraka tu ilimpanda kichwani. Akawaambia wamefika kwenye mwamba mgumu, washushe bomba.

Bomba likakita kwenye udongo laini, usioweza kulishika. Walipochimba zaidi wakagusa mvuke, nao ukapanda kando ya bomba na kung'oa kila kitu. Mdogo wake hakuwahi kukimbia.

Msibani, wachimbaji wenzake walimweleza mama yao kwamba siku ile walisita, maana tope lilikuwa likinata kwenye kekee, ile ncha ya kuchimbia. Marehemu ndiye aliyewatoa wasiwasi. Dada yake akisema ni mwamba, basi ni mwamba.

Mama akaushika mkono wa bintiye, akaukumbatia kifuani. "Usilie, mwanangu. Angalau amekufa akikuamini."

Angeweza kunyamaza. Ripoti ya ajali ilikwishasema ardhi haitabiriki, na hakuna aliyemuuliza neno. Lakini roho ilikataa.

"Mama, jibu nililowapa halikuwa sahihi. Niliharakisha. Ni mimi."

Mama hakumwelewa mara moja. Alipomwelewa hakupiga kelele. Aliuachia tu ule mkono, akawageukia wachimbaji, akawauliza kama wamekula.