Ndege Ndani ya Mihogo ya Mama Laurentine

Jumapili moja ya mwaka 1954, Anaclet, fundi wa nyaya za umeme, alikuwa anatoka misa kwa baiskeli kwenye njia ya Kasapa, nje ya Élisabethville, alipoona ndege ndogo ikishuka chini, chini, karibu imvue kofia. Ndani yake Monsieur Lambrecht, mwenye duka la viatu, alikuwa akiwapungia mkono rafiki zake waliokuwa wakila chakula kwenye nyasi. Rafiki zake aliwaona wote. Waya wa umeme mbele yake hakuuona.

Paa! Waya ukakatika. Ndege ikachoma pua katikati ya mihogo ya Mama Laurentine, mkia juu, waya umelala kwenye bawa.

"Monsieur, bouge pas, usitikisike!" Anaclet akapiga kelele. "Kuran ya umeme ingali mu waya! Ukishuka, unakufa!"

Lambrecht, mguu mmoja tayari nje, akaurudisha ndani polepole.

Rafiki zake wakaja mbio. Mbele yao alikuwa komisa wa polisi, leso ya chakula ingali shingoni. Anaclet akachora mstari mchangani kwa kisigino. "Hapa muntu hapite."

"We iko nani ya kunikataza?" komisa akafoka.

"Miye fundi ya kuran, bwana komisa. Basi, pita." Akajiweka kando kwa heshima kabisa.

Waya ukatoa cheche. Komisa akarudi nyuma hatua tatu, akawageukia wenzake: "Hamusikie? Nyuma ya mstari!"

Gari moja likatumwa mjini kuomba umeme uzimwe. Wakangoja saa nzima juani. Mama Laurentine akafika na jembe begani na kapu mkononi, akaitazama mihogo yake, kisha ndege.

"We muzungu, kule juu nafasi ilikosa?"

"Pardon, Madame," sauti ndogo ikajibu.

Hakuna muzungu aliyewahi kumwita Madame. Hasira ikampungua kidogo. "Kichwa kinauma?"

"Kinauma."

"Bon. Kaa hapo."

Gari likarudi: umeme umezimwa. Anaclet akaupima waya, akauondoa kwenye bawa. "Monsieur, sasa shuka."

"Iko na hakika?"

"Niko na hakika."

"Komisa aguse ndege kwanza."

Wote wakamtazama komisa. Komisa akaanza kukunja leso yake, taratibu sana.

Mama Laurentine akachoka. Akavuka mstari, akamkamata Lambrecht kifuani kwa mkono mmoja, akafungua mkanda, akamng'oa kama muhogo. Lambrecht akasimama, akaona amepewa kapu alishike. Mama akaanza kuchimba mihogo iliyovunjika.

Wengine hawakujua la kufanya. Wakamgeukia Anaclet.

"Munaweza kwenda nyumbani," akawaambia.

Wakasema merci, wakaenda.