Kitufe cha Kubali

Fundi wa kompyuta alikuwa na ugomvi mmoja na dunia: hakupenda mfumo endeshi, ule unaoiendesha kompyuta yenyewe, usingiziwe. Mteja akiingia dukani na kuanza tu, "Huu mfumo ni bomu," fundi alimkatiza. "Unatumiwa na kila mtu, ndiyo maana unatukanwa na kila mtu. Ule usiotumiwa, nani atausema?" Alikuwa ameyasema hayo mara nyingi hata mumewe akawa anammalizia sentensi.

Asubuhi moja aliitwa shuleni kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa karani pale miaka ishirini na miwili, meza ile ile karibu na dirisha, na kompyuta yake ilikuwa imeganda na ripoti zote za wanafunzi tumboni. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Fundi, nataka jibu moja tu. Kama kosa ni la mashine, nitavumilia. Kama ni la mtu, meza hii nampa mwingine leo hii, karani aende stoo akapange madaftari."

Akaondoka. Shangazi alibaki akikunja na kukunjua leso.

Fundi aliiwasha upya, akafungua orodha ya programu, akashika kiuno. Kulikuwa na programu tatu za kuzuia virusi, zinakabana koo zenyewe kwa zenyewe. Kulikuwa na mchezo wa karata, kamusi ya Kirusi, na kitu cha kufundishia mbwa.

"Shangazi, una mbwa?"

"Mbwa wa nini, mwanangu?"

"Sasa hivi vitu umevitoa wapi?"

"Vinajileta vyenyewe. Kinatokea kidirisha, kinaniuliza vizuri tu: Kubali au Kataa. Mtu kakujia kwa adabu, utamkatalia vipi? Nabonyeza Kubali."

"Vyote?"

"Mimi sikulelewa kukataa watu. Babu yako angenichapa."

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamkumbuka mwalimu mkuu na kicheko kikaisha. Shangazi ndiye aliyemfundisha kusoma, kwenye meza hii hii, jioni ambazo baba yake alichelewa kumchukua. Alimpenda kupita maelezo. Akazifuta programu moja moja, mashine ikapata pumzi, na ripoti zikapatikana zote, salama salimini.

Mwalimu mkuu akarudi. "Haya. Kosa la nani?"

Leso ya shangazi ikatulia.

"La mfumo," alisema fundi, bila kupepesa macho. "Huu mfumo ni bomu, mwalimu."

"Nilijua!" Mwalimu mkuu alipiga makofi kwa furaha. "Kila mtu anausema!"

"Kweli kabisa. Kila mtu anausema."

Wakamsikia akiitangaza habari hiyo ofisi ya walimu, na walimu wakiitikia kwa sauti moja. Masikio ya fundi yalipata moto, lakini hakujuta hata chembe. Kwenye skrini kikatokea kidirisha. Shangazi alishika kipanya kwa mikono miwili.

"Utanisamehe, mwenzangu," akakiambia, akabonyeza Kataa.

Kesho yake mteja aliingia dukani na kompyuta kwapani. "Fundi, huu mfumo ni bomu!"

Fundi hakumkatiza. Alimvutia kiti, akamwangalia vizuri usoni.

"Kompyuta ni ya nani?" aliuliza taratibu. "Ya mama, au ya shangazi?"