Hitilafu ya Kekee Namba Nne

Saa moja na nusu asubuhi, kabla birika la karani halijachemka, fundi umeme wa yadi alikuwa amepiga goti mbele ya kekee namba nne, mita mkononi. Yadi ile ilikodisha mitambo midogo ya ujenzi, ile inayopenya kwenye geti la nyumba bila kugusa nguzo, pamoja na vifaa vya kufunga mbele yake: nyundo za kuvunjia zege, mafagio ya barabara, na kekee. Kekee ni chuma kinene chenye mapezi, kirefu kama mtu, kinachozunguka na kuchimba shimo la nguzo kwa dakika mbili. Kila kifaa kilikuwa na plagi yake ya kukiunganisha na mtambo. Kikipata hitilafu, kioo kilicho mbele ya dereva kiliwasha namba, na fundi akaenda kuitafuta kitabuni.

Namba iliyowaka asubuhi hiyo ilikuwa 87. Kitabu kilifika 86, kikaruka hadi 90.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Wenzake walimwita Mama Mita kwa sababu hata akiambiwa mvua inanyesha, alitoa mkono nje kwanza. Alipima fyuzi, akazikuta nzima. Alipima betri, imejaa. Alisugua pini za plagi kwa mswaki wa zamani, akapinda nyaya moja moja kutafuta iliyokatikia ndani. Mwisho akaifungua kekee kwenye mtambo wa kwanza na kuifunga kwenye wa pili. Namba 87 ikahamia wa pili. Akaifunga kwenye wa tatu, ikahamia wa tatu. Basi ugonjwa ulikuwa wa kekee. Kitu kingine kilichohama ni kiti: kwenye kila mtambo uliofungwa kekee ile, kiti cha dereva kilijisogeza nyuma hadi mwisho wa reli yake, kama cha mtu mwenye miguu mirefu, na kitambaa chake kikapata joto.

Dereva mpya, aliyekuwa akisubiri kwenda kazini, alimwambia kuwa huyo ni Mrefu. Yeye hakuwa na ugomvi naye, alisema, ila kimo chake ni kifupi na kila asubuhi humbidi avute kiti mbele. Siku hizi alikuwa anapiga hodi kwanza, akaona kinavutika kwa urahisi.

Mama Mita aliandika hilo kwenye daftari lake.

Mrefu alikuwa ameendesha kekee namba nne kwa miaka kumi na mmoja, na alikuwa amekufa miezi miwili iliyopita. Mzizi ulijiviringisha kwenye kekee, naye akashuka kuutoa, kama alivyoshuka mara mia. Chini ya kiti cha dereva kuna swichi. Dereva akiinuka, kifaa kinasimama chenyewe. Siku hiyo hakikusimama. Kilishika mkono wa koti lake, na baada ya mkono wa koti kikamshika yeye. Faili la kampuni lilisema: kosa la mwendeshaji. Kwa sababu ya maneno hayo matatu, mjane wake alitakiwa kuhama chumba cha kampuni nyuma ya yadi kabla ya mwisho wa mwezi, maana chumba huachiwa tu mjane wa aliyekufa bila kosa.

Fundi na Mrefu hawakuzaliwa tumbo moja, lakini walikuwa wameitana kaka na dada tangu wiki yake ya kwanza pale, walipogombana kuhusu taa ya nyuma na kumbe wote wawili walikuwa wamekosea. Mke wake alikuwa wifi.

Alileta kompyuta ya kupimia, akaichomeka kwenye kisanduku cha nyaya cha kekee. Kwa kawaida kompyuta ile iliandika mambo mafupi, kama vile saketi ya tatu, umeme mdogo. Safari hii iliandika:

Kiti: mtu yupo.

Fundi alitazama kiti. Akaandika kwenye daftari kuwa kipimo ni sahihi. Mstari wa pili ukatokea.

Waya wa bluu. Chini ya kiti, mtambo wa kwanza. Nani aliufunga?

Waya huo aliujua. Miezi kumi na minne nyuma, swichi ya kiti ilikuwa imechakaa, na mtambo ukirushwa na jiwe dogo tu kekee ilisimama. Wateja walilalamika. Meneja alimwita, akamwambia aunganishe ncha mbili za swichi kwa waya ili mtambo uamini wakati wote kuwa mtu amekaa. Ni kwa muda tu, alisema, mpaka swichi mpya ifike. Fundi aliunganisha. Alikusudia kuwaambia madereva wote watatu, na aliwaambia wawili. Wa tatu alikuwa likizo wiki ile, na aliporudi fundi alikuwa na gari la maji lililogoma, na siku zikapita. Swichi haikufika.

Kompyuta ilikuwa na vitufe vya kuandikia namba za vipuri. Aliandika: Mimi.

Kioo cha kompyuta kilitafuta kumbukumbu, kisha kikaandika:

Najua, dada. Andika.

Mama Mita alichukua koleo, akaenda kwenye mtambo wa kwanza, akainua kiti na kuukata waya wa bluu. Halafu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajaza fomu ya matengenezo kwa herufi kubwa ili asitokee mtu wa kusema haisomeki. Kwenye nafasi ya hitilafu aliandika namba 87. Kwenye nafasi ya chanzo aliandika kwamba swichi ya usalama ilizimwa kwa waya, waya ulifungwa na yeye mwenyewe kwa agizo la meneja, na dereva aliyekufa hakuambiwa. Kwenye nafasi ya aliyetoa taarifa alimwandika Mrefu. Akatia sahihi.

Meneja hakuwa mtu wa kelele. Aliisoma fomu mara mbili, akausifu mwandiko. Aliuliza kama Mrefu hajambo, na fundi akajibu kuwa hakulalamika maumivu. Meneja akasema anafurahi kusikia hivyo.

"Lakini faili lile limefungwa, mama," alisema. "Nikilifungua nitachokoza mzinga, na nyuki hawachagui wa kumuuma. Na wewe umo humo humo."

"Ndiyo maana nimeandika jina langu."

"Nimeona. Kekee inachimba?"

Fundi alisema inachimba. Kwa kweli ilichimba vizuri kuliko zile nyingine, wima kabisa, na hata kwenye kokoto haikuyumba. Meneja akaiweka fomu kwenye droo, akachukua kalamu na kitabu cha namba, akaandika kwa mkono katikati ya 86 na 90: 87, dereva wa zamani, endelea na kazi. Kesho yake fundi alipoinua kiti cha mtambo wa kwanza, alikuta waya mpya wa bluu, umefungwa na fundi wa tawi la pili, na kazi yake ilikuwa safi kuliko ile ya kwanza. Akaukata. Siku iliyofuata ulikuwepo tena. Aliwaambia madereva wote, mmoja mmoja, akawataka watie sahihi kwenye daftari lake. Walitia sahihi, wakapanda, wakaenda.

Alhamisi alikwenda kumwita wifi yake. Alimkuta anakunja mapazia. Alimwambia kuwa mumewe yuko kwenye kekee namba nne na anajibu. Mjane alivua aproni, akafuata.

Aliketi juu ya ndoo, akawa anasema, na fundi akamwandikia kwenye kompyuta. Kwanza aliuliza ulipo ufunguo wa sanduku la bati, kwa kuwa alikuwa ameutafuta wiki nane. Jibu lilikuja kuwa umo mfukoni mwa koti la kijivu. Akaeleza kuwa binti yao amefaulu mtihani wa hesabu, na kwamba bomba la jikoni bado linavuja. Akaelezwa kuwa bomba lile halitaki nguvu, linataka kipande cha ngozi. Walizungumza hivyo karibu nusu saa. Kisha mjane akauliza kwa nini mtambo haukusimama siku ile. Kioo hakikuandika kitu.

Fundi aliondoa vidole kwenye vitufe.

"Ni mimi, wifi. Waya ulioizuia swichi niliufunga mimi, na sikumwambia."

Mjane alikionyesha kioo kwa kidole.

"Yeye alikuwa anajua?"

"Alijua baadaye. Ananiambia anajua."

"Mimi nilikuwa sijui," alisema mjane. "Miezi miwili umekuja kwangu kila Jumapili, umekula, umenioshea vyombo, na mimi nilikuwa sijui."

Mjane aliinuka, akapangusa sketi, akarudi kukunja mapazia. Jumapili ile fundi alifika mlangoni kwake na kipande cha ngozi. Mjane alikipokea kupitia upenyo wa mlango, akamshukuru, akafunga.

Siku ya mwisho ya mwezi, lori la mizigo lilisimama nyuma ya yadi tangu asubuhi. Kitanda, sanduku la bati na meza vilikwisha kupakiwa. Mjane alipita karakana mara moja tu, wakati dereva mpya anajiandaa kuondoka na kekee kwenda kuchimba mashimo ya uzio wa shule. Hakumtazama fundi usoni, lakini alimwomba amwandikie jambo moja: kama mumewe anakuja nao.

Jibu lilikuja mara moja. Nipo zamu mpaka saa kumi.

Mjane alimwambia mwenye lori asubiri. Aliketi kwenye benchi la getini, mkoba mapajani, binti yake pembeni. Mtambo ulitoka juu ya trela, kiti chake kimerudi nyuma. Saa sita fundi aliwapelekea chai, nao wakanywa. Saa kumi ilifika. Saa kumi na nusu meneja mwenyewe alitoka ofisini, akavua kofia, akawaeleza kwa upole kwamba mteja ameipenda sana kazi ya kekee namba nne, na ameiongezea wiki tatu.

Mjane aliuliza kama Mrefu ameambiwa.

Meneja alisema ameambiwa, na amekubali.

"Hajawahi kukataa," alisema mjane. Akamshika binti yake mkono, wakapanda lori.