Hataza ya Mkia

Siku Bwana Sampuli alipoingia kwenye duka la vyambo vya kuvulia samaki bila kuomba sampuli, binti wa fundi alijua kuna jambo.

Tangu amjue, mtu yule hakuwahi kutoka pale mikono mitupu. "Nipe kimoja tu nikakijaribu majini," angesema, na chambo kingeshatumbukia mfukoni kabla hajajibiwa. Baba alikuwa akicheka tu. Ni baba huyo huyo aliyembandika jina la Sampuli, na likamganda. Leo Sampuli alikuwa amevaa koti. Hakugusa kitu. Aliweka karatasi juu ya kaunta, akaisogeza kwa kidole kama anayesogeza sahani ya moto.

"Mzee yupo?"

"Yuko nyuma anamimina plastiki. Nikuitie?"

"Hapana, hapana, mwache. Afadhali tuongee mimi na wewe. Wewe umesoma."

Ndipo akaeleza, kwa sauti ya upole kabisa. Ule mkia wa chambo uliopasuka katikati, unaotetemeka hata uzi ukivutwa polepole, ameusajili serikalini. Ana hataza ya umbo, yaani umbo lile ni mali yake kisheria. Yeyote anayeumimina bila ruhusa yake anamwibia.

"Anamwibia nani?" binti aliuliza.

"Mimi."

Binti alicheka. Alidhani utani, maana mkia ule baba yake aliuchonga kwa kisu cha kumenyea, yeye akiwa bado anavaa sare za shule, na siku ya kwanza ulipoogelea vizuri ndani ya beseni la kufulia baba aliwaita majirani waje kuona. Alipoona Sampuli hacheki, aliivuta karatasi akaisoma.

"Lakini wewe uliuchukua hapa hapa."

"Nani aliniona?" Sampuli aliuliza, na hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake. "Mama, mimi nilimwambia mzee kila mara, andikisha kitu chako. Akaniambia samaki hawasomi vyeti. Haya. Sheria inasoma."

Baada ya yeye kuondoka, baba alichungulia kutoka nyuma, barakoa ikiwa imening'inia shingoni, nyusi zimejaa vumbi la rangi ya kumetameta.

"Alikuwa Sampuli yule? Kachukua ngapi?"

"Hakuchukua kitu, baba."

"Basi anaumwa," baba alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

Hakumwambia. Daktari alikwisha kumwonya binti kuhusu presha ya mzee, na kuna maneno ambayo huwezi kumpelekea mtu wa namna ile mchana kweupe: kwamba ameitwa mwizi wa kitu alichokizaa mwenyewe. Binti aliikunja karatasi, akaiweka ndani ya pochi, na asubuhi iliyofuata akaenda peke yake kwenye ofisi ya usajili.

Afisa aliyempokea alikuwa mama mmoja mwenye miwani myembamba, mtaratibu, asiyependa kupoteza maneno. Alisema hataza inaweza kufutwa. Ukionyesha kwamba umbo lile lilikuwa tayari mikononi mwa watu kabla mwenzako hajaliandikisha, basi halikuwa jipya, na hana haki nalo.

"Kila mvuvi wa hapa anajua ni la baba."

"Kujua hakutoshi, binti yangu. Niletee kitu chenyewe. Na kiwe na tarehe. Nitawapangia siku ya shauri, wewe na yeye."

Alitoka pale karibu aruke kwa furaha. Kitu chenyewe! Baba alikuwa amemimina vyambo tangu ujana wake, vingeshindikanaje kupatikana? Alikuwa amefika nusu ya njia alipokumbuka.

Kwa baba yake hakuna chambo cha zamani. Plastiki ile laini haifi. Chambo kikichanika, kikififia, kikikosa mnunuzi, kinarudi sufuriani, kinayeyuka, kinamiminwa tena kwenye kalibu na kutoka kipya. Wavuvi wenyewe walizoea kumletea vyambo vilivyoraruliwa na meno ya samaki, awabadilishie. Kazi zote za ujana wa baba zilikuwa zinaning'inia dukani zikiwa na rangi ya wiki hii. Hata kalibu zenyewe zilikuwa za plasta, zilikuwa zikimeguka na kutengenezwa upya.

Alianza kuzunguka kwa wateja. Mmoja alimwambia vyambo vyake vyote vimebaki kwenye miamba. Mwingine, mwalimu mstaafu, alileta sanduku lake kwa majivuno, akalifungua, na ndani kulikuwa na uji mzito wa rangi tatu. Alikuwa amechanganya vyambo vya viwanda mbalimbali, vikalana vyenyewe kwa vyenyewe na kula na sanduku. "Lakini ukitazama pale," mwalimu alisema kwa matumaini, akionyesha kwa kalamu, "ile si kama mkia?" Binti alimshukuru. Hakutaka kumvunja moyo.

Alipofika kwa kinyozi, alikuwa hana tena cha kutumainia, alikwenda ili tu asije akajilaumu. Kinyozi alikuwa mvuvi wa siku za mapumziko na mropokaji wa siku zote. Kulikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Mtoto wa Fundi Mkia! Umekuja kunyoa ndevu?"

"Nimekuja kuomba, mjomba."

"Aah, basi kaa. Huyu hana haraka, hawezi kutoka hivi alivyo."

Mteja alinung'unika kitu chini ya shuka. Binti aliwaeleza yote, na alipofika mwisho sauti yake ilikuwa imepungua hadi kinyozi akazima mashine ili amsikie. Kisha akapanda juu ya kigoda na kuangua fremu iliyokuwa juu ya kioo. Miaka yote binti alidhani ni picha ya samaki tu. Kumbe pembeni ya samaki, chini ya kioo cha fremu, kulikuwa na chambo. Kimepauka, mgongo umechanika, lakini mkia ulikuwa mzima, umepasuka katikati vilevile. Kichwani kimetobolewa na kuvishwa kibati chembamba chenye mhuri wa chama cha wavuvi, na mwaka.

"Chama chetu chambo kikishinda mashindano kinapigwa bati," kinyozi alisema. "Ili wajinga wasije wakadai walishinda wao." Aliutazama mwaka, akapiga mluzi. "Huyo Sampuli wakati huu alikuwa bado anauza mitumba."

"Utaniazima?"

"Sikuazimi. Nakupa, na picha yake. Nenda kamnyoe huyo mtu kavu kavu."

Binti alilia pale pale, mbele ya mtu mwenye nusu kichwa.

Alirudi dukani mchana, akiwa ameshika chambo ndani ya leso kama ameshika kifaranga. Shauri lilikuwa kesho yake asubuhi. Baba alikuwa mezani akikata mabaki kwa mkasi.

"Baba, kesho naenda ofisi moja ya serikali. Wanataka kuona kazi yako."

"Kazi yangu?" Mzee alinyoosha mgongo. "Serikali?"

"Ndiyo. Nitawapelekea hiki." Alifungua leso, akaiweka mezani. Alitaka kusema zaidi. Aliona namna uso wa baba ulivyong'aa, akameza maneno. Atamwambia yote kesho, wakishashinda, waje wacheke pamoja. "Ngoja nikatoe nakala ya picha ya kinyozi, narudi sasa hivi."

Kwenye duka la nakala kulikuwa na foleni. Mashine ilikwama karatasi, ikakwamuliwa, ikakwama tena. Aliporudi, harufu ya plastiki ya moto ilimpokea mlangoni, na baba alikuwa amesimama pale pale, anatabasamu, mkono mmoja nyuma ya mgongo kama mtoto.

Leso ilikuwa mezani, imekunjwa vizuri. Juu yake kulikuwa na kibati peke yake.

"Baba," alisema. "Kile chambo kiko wapi?"

"Mama, ungeniaibisha wewe!" Mzee alileta mkono mbele. Kiganjani mwake kulikuwa na chambo kinachometameta, laini, kizuri kuliko vyote alivyowahi kumimina. "Serikali nzima ione kazi yangu imechanika mgongo, rangi imekufa? Nimekirudisha sufuriani. Sikuchanganya na kingine, usidhani. Ni kile kile, nimekiongezea rangi tu. Bati nimelitoa, chuma hakiingii kwenye sufuria. Tazama mkia huo. Tazama unavyocheza."

Akakitikisa. Mkia ukacheza.

Binti alishika ukingo wa meza. Kelele ilimpanda mpaka kwenye meno na hapo akaizuia, kwa sababu baba yake alikuwa anamtazama akingoja kusifiwa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, na vidole vyake vilikuwa vimeungua ncha kama kawaida.

"Ni kizuri sana, baba," alisema. "Asante."

Alikwenda bafuni, akafungulia maji, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Wazo lilimjia pale. Hakulipenda, lakini halikuondoka. Plastiki ni ile ile. Mkono ni ule ule, na kibati kipo. Uongo uko wapi? Alijiuliza hivyo mara nyingi, kama mtu anayebonyeza jino bovu. Mwishowe alitoka, akachukua sindano nene ya kazini, akatoboa kichwa cha chambo kipya, akapitisha kibati. Kilikaa vizuri. Kilikaa kana kwamba hakikuwahi kutoka.

Chumba cha shauri kilikuwa kidogo, na feni yake ilikuwa inazunguka bila kupuliza. Afisa alikaa kichwani mwa meza. Sampuli alikaa upande wa pili na koti lake. Binti alitoa nakala ya picha, akaeleza habari za chama na mhuri, kisha akaweka chambo mezani.

Afisa alikisoma kibati kwa makini. Akasoma mwaka mara mbili. Akamtazama Sampuli juu ya miwani, na kwa kitambo kile kifupi binti aliona kwamba wameshinda.

"Naomba nikishike," Sampuli alisema.

Alikichukua kwa vidole viwili. Hakukitazama mkia hata kidogo. Alikikandamiza tumbo, akaangalia ule mng'ao wa mafuta uliobaki kwenye ngozi ya kidole, halafu akakipeleka puani, polepole, akafumba macho.

"Mheshimiwa," alisema, "hiki kimetoka kwenye kalibu jana. Mimi ni mtu wa kazi hii. Nusa mwenyewe."

Afisa alinusa. Uso wake ukajifunga kama dirisha.

"Binti, hiki ndicho chambo kilichopigwa mhuri?"

"Ni plastiki ile ile."

"Nimekuuliza, ndicho?"

Feni iliendelea kuzunguka. "Sicho," binti alisema.

Sampuli alikuwa anamtazama, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa na ushindi machoni. "Kilikuwa kimechanika," alisema taratibu, kama anayezungumza peke yake. "Mzee akakitia sufuriani. Si ndiyo? Namjua mzee. Hawezi kuona kilichochanika akakiacha." Alijua. Mle chumbani alikuwa ndiye mtu pekee, mbali na binti, aliyejua kila kitu, tangu beseni la kufulia hadi jana mchana, na hakusema zaidi ya hapo.

Afisa hakuchukua muda. Kwa kuwa kielelezo kimechezewa, hawezi kukipokea, na picha haionyeshi mkia. Hataza inabaki. Kalibu zote za umbo lile zivunjwe. Alimwambia binti ashukuru kwamba hampeleki mbele zaidi.

Nje, kwenye ngazi, Sampuli alimfikia. "Mwambie mzee aje kwangu. Namheshimu. Atamimina mikia yake kama kawaida, kwenye kiwanda changu."

"Mikia yake," binti alisema.

Sampuli alishuka ngazi.

Baba alikuwa amevaa shati la kutokea. Alikuwa amefagia duka na kupanga vyambo kwa rangi, kwa sababu alidhani huenda watu wa serikali wangerudi naye kutazama. Alipomwona amekuja peke yake alitazama nyuma ya bega lake, barabarani.

"Walisemaje? Walikipenda?"

Hakukuwa tena na mahali pa kuficha. Akamkalisha. Akamweleza juu ya Sampuli, karatasi, hataza, kalibu. Alieleza bila kupumzika, akitazama kifungo cha shati la baba, maana machoni hakuweza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili.

"Lakini kile nilichokupa," alisema. "Kingewaonyesha. Kazi kama ile Sampuli haiwezi hata akizaliwa upya. Walipokiona kile, walisemaje?"

Binti aliona njia mbili, na ile ya kweli ilikuwa imepita katikati ya kifua cha baba yake.

"Hawakukiona, baba. Nilikipoteza njiani."

Mzee alisimama, akaanza kumgombeza. Hakuwahi kumgombeza hivyo hata utotoni. Alimwita mzembe, kichwa maji, mtu wa kupewa kitu kimoja tu akishike na asiweze kukishika. Alimuuliza shule zote zile zilimfundisha nini. Alisema mama yake angekuwa hai angeshika kichwa. Sauti ilimpanda, ikapasuka, akaendelea nayo hivyo hivyo ikiwa imepasuka.

"Ndiyo, baba," binti alikuwa akijibu. "Kweli, baba."

Na huku akiitikia, alipiga magoti chini ya rafu, akazitoa kalibu moja moja, akazipanga sakafuni mbele ya miguu ya baba yake, mahali ambapo nyundo ingezifikia bila mzee kulazimika kuinama chini ya rafu.