Mkubwa wa Wanaounganisha Ndege

Thani Humaidi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza aliifanya Tabora tu, midomoni mwa watu: huko alijulikana kuwa mkubwa wa idara ya abiria wanaounganisha ndege, katika uwanja mmoja mkubwa wa Ghuba. Ya pili aliifanya uwanjani hapo kwa mikono yake, nayo ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu. Miaka minne alituma picha amevaa koti la kuazima, na baba yake, Mzee Humaidi, muuza vitambaa wa mjini, akazitembeza kila baraza mpaka watu wakaanza kumkwepa. Mdomo uliponza kichwa. Wa Thani ulianza kumponza siku alipofika Ghuba na kukuta kazi ya ofisini aliyoahidiwa haipo, akaona haya kuwaambia nyumbani.

Sasa mzee alikuwa anakwenda India kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Angebadilisha ndege uwanjani pale pale.

"Nitakuwa hapo kwa saa mbili nzima," alisema kwenye simu. "Uje nikushike mkono tu, mwanangu, maana kukuona sitakuona."

Thani akajibu kwamba wiki hiyo ametumwa mji mwingine kikazi. Simu ilipokatika alikaa kitandani akijichukia.

Asubuhi ya siku yenyewe aliomba apangwe upande wa wanaoondoka. Msimamizi hata hakuinua kichwa. Alimpa karatasi: ndege ya Dar es Salaam, mzee mmoja, haoni vizuri, anaunganisha. Chini kulikuwa na jina la baba yake. Thani akapandisha barakoa hadi chini ya macho, akashusha kofia, akaenda.

Alimkuta mlangoni mwa ndege, kanzu imekunjamana, mfuko wa kitambaa mapajani. Alikuwa amekonda. Kwao mtoto haamki akampita baba yake bila shikamoo. Hata mkilala mmegombana, asubuhi shikamoo hutangulia, ugomvi huendelea baada ya chai. Thani akashika kiti kwa nyuma, akaifanya sauti yake nzito, akasema kwa Kiarabu, "Karibu, bwana."

Mzee aliinamisha kichwa upande mmoja.

"Ahsante," akajibu, kwa Kiswahili.

Wakaondoka. Waliofika mwisho wa safari walishika kushoto kwenye foleni ya pasipoti, wanaounganisha wakaenda kulia, wakashuka kwa lifti hadi kwenye treni ndogo. Njia hiyo Thani aliijua hata akifumba macho. Katika uongo wake wote, hicho tu kilikuwa cha kweli.

Ndani ya treni mzee akaanza kuzungumza polepole, uso mbele, kama anayejisemea.

"Nina mwanangu hapa. Ningempata ningemwambia kitu. Mji wetu ulijengwa na wapagazi. Sisi babu zetu ndio waliobebewa. Walikaa kivulini, mizigo ikipita mabegani mwa babu zao kina Ngollo, majirani zetu, na wao wakajiona ndio waungwana. Kama kuna wa kuona haya, ni aliyebebewa, siye aliyebeba."

Thani alisikia kila neno. Aseme tu, "Ni mimi, baba," yaishe. Lakini akakumbuka lile koti, na zile baraza, na jinsi mzee atakavyopita mbele ya watu akirudi. Akajiambia atasema wakishamaliza ukaguzi. Mwoga hakosi mahali pa kusogezea neno lake.

Kwenye ukaguzi, mfuko wa kitambaa ulipita mashinani ukarudishwa. Mkaguzi akatoa vipande vya kahawia, vikavu, vigumu.

"Nini hivi?"

Thani alivijua kabla havijatoka vyote. Ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Aliujua hata mkono uliokata: mama yake, Bi Asila, hukata vipande vinene kuliko watu wote mtaani.

"Matobolwa," mzee akasema. "Chakula. Ni ya mwanangu."

Mkaguzi akamgeukia Thani. "Anasema nini?"

"Sijui," Thani akajibu. "Lugha yake siijui."

Alijibu kwa Kiarabu, na mzee Kiarabu anakijua kuliko yeye.

Mkaguzi alinusa kipande, akakunja uso, akayarudisha mfukoni. Mzee aliupokea mfuko wake, akaukumbatia. Thani alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amemkana baba yake, na mama yake, na chakula alicholelewa nacho, na hakuna aliyemshikia panga.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini ya siku hiyo ilikuwa ndefu. Mlango wa arobaini na mbili uko mwisho kabisa. Thani alisukuma huku barakoa imelowa machozi, akijiambia kwenye duka lile nitasema, kwenye nguzo ile nitasema. Maduka yakaisha, nguzo zikaisha.

Mlangoni abiria wengine walishaingia. Akainama, akavuta barakoa chini, akafungua mdomo. Mhudumu wa ndege akatoka mbio akimlaumu kwa kuchelewa, akamwondoa mikono, akakishika kiti yeye.

Mzee akanyoosha mkono nyuma, mfuko ukining'inia.

"Mama yako amesema uyaloweke kwanza," alisema. "Lile jino lako bado bovu."

Thani akaupokea. Kiti kilikuwa kimeshaanza kuondoka.

"Marahaba, Thani," mzee akasema, bila kugeuka, akaingizwa ndani.

Mlango ukafungwa. Thani alibaki amesimama na mfuko, uso wazi, redio ya kiunoni ikimwita kwenye ndege nyingine.

"Shikamoo, baba," akasema.

Aliyemsikia ni dada wa kukagua tiketi, naye hakujua Kiswahili.