Mbwa Aliyeitwa Watachoka

Hyasinta alimpa mbwa wake jina la Watachoka mwaka ule maneno ya watu yalipozidi. Ndoa ilikuwa imekaa muda mrefu bila mtoto, na kijiji kizima cha Mugango kilikuwa na dawa ya kumshauri. Basi kila jioni alisimama mlangoni akaita kwa sauti ya kuvuka ua: "Watachoka! Njoo ule!" Mbwa alikuja mbio, na majirani waliokuwa wakianua dagaa wakainamisha vichwa. Raha iliyoje!

Sasa Mungu kajibu. Mtoto wa kiume kapatikana, kapewa jina la marehemu babu yake, Mugeta, na mama mkwe, Bibi Debora, kapanda basi kutoka Bunda kuja kumhudumia mzazi. Alipomwona mbwa kajilaza sebuleni kama mwenye nyumba, akakunja uso.

"Huyu alikuwaga ndo mtoto wenu," akasema. "Ataona wivu, amng'ate mjukuu wangu. Nikirudi Bunda naondoka naye."

Hyasinta akamtazama mbwa. Miaka yote ile, mumewe Pastory akiwa ziwani, ni mbwa huyu aliyekaa naye bila kumuuliza maswali. Akaomba mbwa aonyeshwe mtoto kwanza. Debora akakubali, ila mtoto atampakata yeye mwenyewe, na mbwa akinguruma tu, safari imeiva.

Pastory akamleta mbwa kwa kamba. Mbwa akagoma kizingitini. Tangu mgeni afike, Hyasinta alikuwa akimwita "wewe", na mnyama hakuelewa hata kidogo.

"Si umwite jina?" Debora akauliza.

Pastory ghafla akaona fundo la kamba lina kasoro. Hyasinta akatazama sakafu, aibu imemjaa. Angelitajaje jina lile mbele ya mkwe, naye ni mmoja wa waliorushiwa kijembe hicho?

"Mnadhani silijui? Nikipigaga simu jioni nakusikiaga unaliita." Bibi akamweka mtoto vizuri mapajani, akaita mwenyewe: "Watachoka! Njoo umwone mwenzako."

Mbwa akaja, mkia chini. Akanusa kisigino cha mtoto, akapiga chafya, kisha akajilaza juu ya miguu ya bibi. Mtoto hakuamka.

Debora akacheka mpaka mabega yakatikisika, halafu machozi yakamtoka. "Nilichoka kweli, mwanangu. Nilimwambiaga Pastory aoe mwingine. Akakataa."

Hyasinta hakuwa akilijua hilo. Alimtazama mumewe, ambaye bado alihangaika na fundo, akamshukuru Mungu kwa ajili yake.

"Mfungue huyo," bibi akamwambia mwanawe. "Abaki kwao."

Hyasinta akapiga magoti. "Asante, mama."

"Wa kushukuru ni mimi." Debora akamkabidhi mtoto. "Sisi tulikata tamaa, wewe ukamngoja. Asante, Mama Mugeta."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwita mama fulani.

"Abee," Hyasinta akaitika. Kisha akaitika tena, kwa sauti zaidi, ingawa hakuna aliyemwita.